Nyumba ya mteremkoni Igogo inakatwa kama ghorofa. Nani anaamua?

Binti Igogo

Shikamooni wakubwa, na wengine wote habari za jioni.

Naomba mawazo kuhusu kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Sijaja kusema kodi ni mbaya. Mama analipa, na mimi huku Geita nalipa ya kwangu. Ninachotaka kujua ni nani hasa mwenye kauli ya kusema nyumba hii ni ghorofa na ile ni ya kawaida, na huyo mwenye kauli anasimamiwa na nani.

Nyumba yetu iko Igogo, Mwanza, kule juu kwenye mawe. Anayepajua atakuwa ameshanielewa, kiwanja tambarare kule hakuna. Baba alipojenga, upande wa njia ya juu unaingia sebuleni moja kwa moja bila hata ngazi. Upande wa chini, unaotazama ziwa, msingi wa mawe umepanda kuliko kimo cha mtu. Chini ya sakafu pakabaki uwazi, na mzee hakuwa mtu wa kuacha uwazi ukae bure. Akapiga ukuta, akaweka mlango wa mbao, akawa anatunza nyavu na mashine ya boti. Siku hizi mnakaa magunia ya mkaa, baiskeli mbovu na masinia ya shughuli. Kwa hiyo ukisimama njia ya juu unaona kijumba cha bati, ukisimama njia ya chini unaona jengo lenye safu mbili.

Vijana wa kuhakiki majengo walipita mtaani na vishikwambi vyao. Walisimama njia ya chini. Mama alikuwa ameenda Mwaloni kununua dagaa, wapangaji wakasema hakuna aliyebisha hodi. Walitazama juu, wakaandika, wakaendelea na jirani. Baada ya hapo makato yakabadilika.

Sasa mama anakatwa 7,500 kila mwezi badala ya 1,500. Tofauti ni 6,000, kwa mwaka 72,000. Kwa mwenye mshahara pengine si kitu. Mama yuko kwenye umeme wa shilingi 122 kwa uniti, ule wa matumizi madogo. Akinunua wa 10,000 mwezi unapoanza, anabakiwa na 2,500, yaani uniti 20. Angekatwa 1,500 angepata karibu uniti 70. Uniti 20 kwake hazifiki hata wiki mbili maana ana friji ya kuuzia barafu.

Nilienda ofisi moja, siitaji. Nikamweleza kijana wa dirishani, akabonyeza, akasema mfumo ndio unaonyesha ghorofa. Nikamuuliza nani aliuambia mfumo. Akacheka, na mimi nikacheka, nikatoka.

Kwa hiyo wadau: kuna mtu anayekuja kupima upya? Kuna fomu? Kuna chombo chochote cha serikali ambacho kazi yake ni kuangalia kama nyumba zimepangwa kwa haki, au ukishaandikwa umeandikwa?

---

Kijiwe cha Mabatini

Dada, 7,500 hata chipsi mayai mbili haifiki vizuri. Lipa tu, ufurahie na wewe mna ghorofa ukoo mzima. Wengine tunatafuta hiyo sifa.

---

Fundi Umeme Mbagala

Mkuu wa hapo juu, utani una mahali pake. Mwenzio kauliza la maana.

Dada, mimi si mtu wa kodi, ni fundi wa kufunga umeme, lakini toka yale makato yaanze tarehe 20 Agosti 2021 nusu ya simu ninazopigiwa si za nyaya, ni za makato. Nikupe ninayoyajua kutoka uwanjani.

Kwanza, mfumo haujui nyumba. Unajua mita. Mtu aliposajili mita kwenye jengo, kodi imening'inia pale. Ndiyo maana huku Dar kulikuwa na vurugu mwanzoni: nyumba moja ya vyumba sita, kila mpangaji na mita yake, na wote wanakatwa. Serikali ikatoa ufafanuzi kwamba jengo likiwa na mita zaidi ya moja kodi inakatwa kwenye moja tu, na mwenye nyumba ndiye wa kwenda kusema ipi. Sasa mwenye nyumba yuko Kilimanjaro anakula ndizi zake, ataenda kusema ya nini? Anayekatwa ni mpangaji.

Pili, hilo la mpangaji. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, na walisema wazi mpangaji aliyekatwa amalizane na mwenye nyumba, ipunguzwe kwenye kodi ya pango. Kwenye karatasi ni safi. Lakini nendeni mkamwambie mama mwenye nyumba wa Mbagala Rangi Tatu apunguze 1,500 kwenye chumba cha 50,000. Atakwambia hama.

Tatu, usiponunua umeme miezi mitatu usidhani umekwepa. Inajikusanya. Siku ukinunua inakatwa yote kwa mkupuo. Nilishaitwa kwa mteja anasema mita imekufa, kumbe elfu tano yake yote imemezwa na madeni, hakupata hata uniti.

La kwako la ghorofa naomba wataalamu waje. Humu yupo mzee mmoja mthamini mstaafu, najua anasoma.

---

Mzee wa Futi Kamba

Marahaba binti. Nipo, nasoma.

Nimefanya kazi ya uthamini katika halmashauri kwa muda mrefu, nikastaafu, na sasa nafuga kuku. Nitakujibu kirefu kwa sababu swali lako limekwenda mahali ambapo watu wengi hawaendi. Wengi wanauliza kwa nini kodi ni kubwa. Wewe umeuliza nani kapima. Jibu langu ni kwamba hakuna aliyepima, na si kwako tu. Sheria ya sasa haitaki nyumba ipimwe.

Zamani, chini ya ile sheria ya mwaka 1983 ya kodi ya majengo mijini, ilikuwa hivi. Halmashauri inaagiza uthamini. Tunaingia mtaani, mmoja anashika futi kamba huku, mwingine kule, wa tatu anaandika. Tunapima urefu na upana, tunatazama ukuta ni wa tofali gani, bati au vigae, dari ipo au haipo, umri wa jengo. Kinachotafutwa ni thamani ya jengo sokoni, na pale ambapo soko halisomeki, na mitaa mingi halisomeki, tunakokotoa gharama ya kulijenga upya tukiondoa uchakavu. Majina na thamani yanaingia kwenye daftari la uthamini, daftari linapitishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, ndipo halmashauri inapanga asilimia ya kutoza. Daftari linawekwa wazi. Mwenye nyumba akiona ameonewa anaandika pingamizi, na kulikuwa na baraza la kusikiliza pingamizi za uthamini. Nimekaa mbele ya baraza hilo nikihojiwa na mzee wa miaka sabini kuhusu choo chake cha nje, kwa nini nimekihesabu kama jengo. Alishinda.

Msifikiri nausifia tu mfumo huo. Ulikuwa na aibu zake. Nyumba zilizoingia daftarini zilikuwa chache kuliko zilizokuwepo mtaani, hivyo aliyeandikwa alilipa na jirani yake ambaye hatukumfikia alikaa bure. Daftari likishatengenezwa lilikaa miaka na miaka bila kuhuishwa kwa sababu kuthamini ni ghali: magari, posho, ramani. Na wapo wenzetu waliojua kukunja futi kamba. Pia tulithamini jengo peke yake, ardhi haimo, ardhi ina kodi yake ya pango. Kwa hiyo nyumba ndogo ya zamani katikati ya Oysterbay, ambayo kiwanja chake peke yake ni utajiri, kwenye daftari letu ilikuwa nyumba ndogo ya zamani.

Ukusanyaji nao ulihamahama. TRA, Mamlaka ya Mapato, walikusanya kwa Dar es Salaam kuanzia 2008, ikarudishwa halmashauri 2014, Julai 2016 ikarudi TRA. Wakakuta majengo mengi hayana thamani yoyote daftarini. Ndipo kikaja kiwango cha mkupuo, yaani kiasi kilekile bila kutazama thamani ya nyumba. Waziri wa Fedha wakati huo, Dk. Philip Mpango, katika bajeti ya Juni 2018 alipeleka Bungeni shilingi 10,000 kwa nyumba ya kawaida na 50,000 kwa kila ghorofa kwenye majiji, manispaa na miji. Mwaka 2021, Dk. Mwigulu Nchemba akaipeleka kwenye LUKU: 1,000 kwa mwezi, na 5,000 kwa kila ghorofa. Julai 2023 ikawa 1,500 na 7,500, yaani imepanda kwa nusu nzima, na hakuna nyumba hata moja iliyotembelewa ili ipande. Hiyo ndiyo raha ya mkupuo kwa anayekusanya.

Watu wakaufurahia na mimi nawaelewa. Tuseme halmashauri ingetoza asilimia 0.15 ya thamani. Nyumba ya milioni 40 ingelipa 60,000 kwa mwaka. Leo inalipa 18,000. Mama yako kwa kiwango cha nyumba ya kawaida angekuwa amepata nafuu. Lakini jumba la milioni 800 la Masaki, lisilo na ghorofa, lenye bwawa la kuogelea na nyumba ya mlinzi, lingelipa 1,200,000, na leo nalo linalipa 18,000. Nafuu imekwenda kwa wote, ila ya mmoja ni 42,000 na ya mwingine ni zaidi ya milioni. Na mtu aliyebanwa na kiwanja kidogo akajenga kwenda juu, vyumba viwili juu ya viwili, huyo analipa mara tano ya yule wa Masaki hata ukimhesabia ghorofa moja tu.

Sasa nirudi kwako. Thamani ilipoondoka, pingamizi la thamani nalo liliondoka. Huwezi kwenda mbele ya mtu ukasema "nyumba yangu si ya milioni 40, ni ya 25", kwa sababu hakuna aliyesema ni ya ngapi. Kilichobaki cha kubishania ni mambo manne tu: jengo ni la aina gani, lina ghorofa ngapi, mita ipi inabeba kodi, na kama mwenye jengo anastahili msamaha. Hayo ni mambo ya macho, hayahitaji hata mthamini. Na hapo ndipo nakereka, maana jambo la macho lingetakiwa liwe rahisi kusahihisha kuliko yote.

Nijibu haya kabla sijakushauri:

Chumba cha chini kina urefu gani kutoka sakafu hadi zege la juu? Kina dirisha? Kuna mtu analala humo au amewahi kulala? Mama ana umri gani? Na nyumba iko kwa jina la nani?

---

Mpiga Mahesabu

Mzee shikamoo. Nakuheshimu lakini hapo kwenye 1,200,000 mimi nakataa kidogo. Ungerudisha uthamini leo, huyo wa Masaki angekuwa na mwanasheria na mthamini wake binafsi, angeishusha hadi milioni 200. Anayebaki na thamani kamili ni mama wa Igogo asiyejua pingamizi linaandikwaje. Mkupuo angalau hauna mazungumzo. Kila mtu anajua ni 1,500.

---

Mzee wa Futi Kamba

Marahaba. Hoja yako ina nguvu na nimeyaona hayo kwa macho yangu. Lakini tazama kichwa cha mada hii. Mkupuo hauna mazungumzo, na mama wa Igogo ndiye aliyekwama kwa sababu hauna mazungumzo. Wa Masaki hata hakujua kuna mada.

Na kwa huyo mwenye mthamini wake binafsi kuna breki. Tuna Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016. Imemweka Mthamini Mkuu wa Serikali kisheria, imeweka Bodi ya Usajili wa Wathamini, na mthamini anayepika thamani anaweza kufutwa kwenye daftari la wathamini. Mimi jina langu lilikuwa na namba, ningeweza kushtakiwa kwa namba ile. Yule kijana wa kishikwambi aliyesimama njia ya chini, unamshtaki kwa namba gani?

---

Mlipa Rates wa Umoja

Salamu kutoka Nairobi. Naona mnavutana nikaona nitie neno, maana sisi huku tuna shida ya upande ule mwingine.

Kwetu hatulipii nyumba, tunalipia ardhi. Ujenge jumba la ghorofa kumi ama uache ploti ikiota majani, kanjo, yaani serikali ya jiji, inatoza kwa thamani ya ardhi tupu. Uzuri wake hakuna kuhesabu sakafu, hiyo kesi ya dada isingekuwepo kabisa. Ubaya ni kwamba daftari la thamani lilikuwa la 1980. Sheria ilisema litengenezwe upya kila baada ya miaka kumi, ila ikaachia waziri mwanya wa kurefusha, na mwanya ukarefuka hadi daftari la 2019. Fikiria mtu aliyenunua ploti pembeni mwa mji wakati kulikuwa na swara, leo kuna barabara kuu na mall, na analipa kwa bei ya swara. Daftari jipya likaja na asilimia 0.115 ya thamani ya sasa, na ndio watu wakaanza kupiga kelele, wengine kwa haki, wengine kwa mazoea.

Mwaka 2024 tukapata sheria mpya ya kitaifa ya rates, hiyo kodi ya ardhi, ikafuta zile mbili za zamani na kuweka tribunal ya kitaifa, yaani baraza, ya kusikiza malalamiko. Nasema tu kwamba kuwa na daftari hakutoshi kama hakuna anayelazimishwa kulifungua upya.

Pole dada, mama asikate tamaa.

---

Binti Igogo

Asanteni sana. Kaka wa Nairobi asante, hilo la swara nimelisoma kwa sauti hapa ofisini.

Mzee, nimempigia mama na mdogo wangu kapanda na futi. Majibu:

Urefu kutoka chini hadi zege, upande wa ziwa ni mita 1.9. Upande wa ndani mwamba unapanda, unafika mahali unainama, halafu unatambaa. Sakafu hakuna, ni mwamba wenyewe na mchanga kidogo.

Dirisha lipo. Moja, dogo, la nondo. Baba aliliweka kwa ajili ya hewa, petroli ya mashine ilikuwa inanuka. Nimefikiria sana kama niliandike humu lakini bora useme mwenyewe.

Kulala: hajalala mtu. Mdogo wangu anasema yeye aliwahi kulala siku aliyofukuzwa na baba. Sidhani kama hiyo inahesabika.

Mama ana miaka 67.

Nyumba iko kwa jina la baba, marehemu toka 2016. Mirathi hatukufungua. Hatukuwa na ugomvi, tukaona ya nini. Vyumba viwili vya nyuma vina wapangaji, kila kimoja 40,000.

---

Fundi Umeme Mbagala

Hapo kwenye "tukaona ya nini" nusu ya Tanzania tumo.

Dada, hao wapangaji wana mita zao au wanatumia ya mama? Na hiyo mita ya mama imesajiliwa kwa jina la nani?

---

Binti Igogo

Mmoja ana mita yake, mwingine wanachangia na mama. Ya mama iko kwa jina la baba. Ya mpangaji haikatwi kodi, nimeuliza.

---

Mzee wa Futi Kamba

Vizuri. Umenipa kila nilichohitaji, na hilo la dirisha umefanya vyema kulisema. Usilifiche hata kwenye barua. Akija mtu wa kukagua akalikuta wewe hujaliandika, hata lile la kweli uliloandika hataliamini.

Nitatenganisha mambo mawili, maana ukiyapeleka pamoja utachanganywa.

La kwanza ni ghorofa. Mimi kwa taaluma yangu nisingeuhesabu uwazi huo kama ghorofa. Mteremkoni msingi lazima upande, na uwazi unaobaki chini ni matokeo ya mteremko, si sakafu iliyojengwa ili itumike. Hauna sakafu, mwamba umeingia ndani, na sehemu kubwa mtu hawezi kusimama. Stoo, ndiyo. Ghorofa, hapana. Lakini hayo ni maoni ya mthamini mstaafu mwenye kuku, hayamfungi mtu. Unachohitaji ni aje afisa aingie ndani. Kwa hiyo usiandike barua ya kulalamika kwamba kodi ni kubwa. Andika barua ya kuomba jengo likaguliwe na taarifa zake zisahihishwe. Maneno hayo mawili yatumie hivyohivyo, "kukaguliwa" na "kusahihishwa". Ambatisha picha: moja kutoka njia ya juu, moja kutoka njia ya chini, mbili za ndani ya stoo moja wapo ikionyesha mwamba, na moja ya hilo dirisha. Mdogo wako asimame ndani kwenye picha moja ili kimo kionekane. Weka na barua ya mwenyekiti wa mtaa inayosema stoo haikaliwi na watu.

Uliza kwanza ni ofisi ipi inayoshika taarifa za majengo eneo lenu, TRA au halmashauri, uipeleke huko, nakala mbili. Moja unaacha, ya pili wanakugongea muhuri wa kupokelewa na tarehe, unarudi nayo. Wewe ulienda ukaongea na kijana dirishani, akacheka, ukacheka. Mazungumzo hayo kwenye serikali hayakuwahi kutokea. Muhuri ndio unaofanya yatokee.

Uliuliza chombo cha kusimamia. Kipo kimoja ambacho watu hawakijui sana: Taasisi ya Usuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi, kwa kifupi TOST. Hii haiko chini ya TRA, inapokea malalamiko ya mlipakodi dhidi ya namna TRA inavyomhudumia, na haitozi. Huendi kwao kwanza, na ni kwa jambo linaloihusu TRA tu. Unaenda ukiwa na ile nakala yenye muhuri na ukaona kimya au jibu lisiloeleweka. Wao hawawezi kubadili sheria, kwa hiyo ukiwapelekea hoja ya Masaki watakusikiliza kwa adabu na hawatafanya kitu. Ila "niliomba jengo likaguliwe, halijakaguliwa, nakatwa" ni lugha wanayoielewa kabisa.

CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, naye watu humtaja sana. CAG anakagua hesabu na utendaji wa taasisi, ataandika kwamba makusanyo yamepungua au taarifa za majengo si sahihi. Hatakuja Igogo kuhesabu ghorofa zenu. Lakini niseme, kama wangekagua siku moja ni majengo mangapi yameandikwa ghorofa kwa kutazamwa kutoka barabarani, mimi ningeisoma ripoti hiyo neno kwa neno. Mwanza peke yake, na vilima vile, ingetosha sura nzima.

La pili ni msamaha. Mwenye nyumba aliyefika miaka 60 anaweza kuombewa msamaha kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe. Mama ana 67. Ungefikiri imekwisha. Vizuizi ni viwili. Mwenye nyumba kwenye karatasi ni marehemu, na marehemu hazeeki tena. Bila kufungua mirathi na kupata msimamizi, mama si mmiliki mbele ya mtu wa kodi, hata kama amefagia uwanja huo toka 1985. Cha pili ni wapangaji. Msamaha ule ni wa nyumba ya kuishi, si ya kuingizia kipato, na nyinyi mna 80,000 inaingia kila mwezi. Usidanganye hapo. Kaeni kama familia mpige hesabu: wapangaji wanaingiza 960,000 kwa mwaka, kodi ya nyumba ya kawaida ni 18,000. Ningekuwa mimi ningewaacha wapangaji, nikaachana na msamaha, nikapigania ghorofa peke yake. Mirathi ifungueni kwa sababu nyingine zote, si kwa sababu ya hii.

---

Mpiga Mahesabu

Mzee, hapo nimenyoosha mikono. Swali moja: akishinda, ile 6,000 aliyokatwa kila mwezi inarudi?

---

Mzee wa Futi Kamba

Aiombe kwenye barua hiyohiyo, aya ya mwisho: kiasi kilichozidi kihesabiwe kwenye kodi ya miezi ijayo. Asiombe fedha mkononi. Kuomba ihamishwe mbele ni njia nyepesi kwa pande zote mbili, na risiti zote za umeme zinaonyesha kilichokatwa. Mama anazitunza?

---

Binti Igogo

Mama anatunza hata risiti ya kiberiti. Ujumbe wa tokeni zote uko kwenye simu yake ndogo, hafuti kitu, simu imejaa hadi haipokei mpya. Nitamwambia mdogo wangu azinakili kwenye daftari kabla simu haijafa.

Mwenyekiti wa mtaa namfahamu, ni rafiki wa marehemu baba, ila atataka kwanza aje aone stoo mwenyewe, na akija ataona baiskeli yake aliyoazima baba. Hilo tutalimaliza kifamilia.

Jumamosi nashuka Mwanza. Barua nimeshaanza kuandika.

---

Kijiwe cha Mabatini

Dada naomba radhi kwa chipsi mayai. Na sisi huku Mabatini tuko kwenye mawe hayohayo, nimetoka nje nimetazama nyumba yetu kutoka njia ya chini. Safu mbili. Naomba hiyo barua ukimaliza uiweke hapa tunakili.

---

Fundi Umeme Mbagala

Na ukienda andika namba ya mita juu kabisa ya barua, kabla ya jina. Jina la marehemu watahangaika nalo, na Igogo mna majina yanayofanana. Namba ya mita wataipata papo hapo. Ukikuta mtu anakwambia tena mfumo ndio umesema, mwombe akuchapie huo ukurasa wa mfumo unaoonyesha jengo lenu, uuambatishe na picha zako.